Plau la Injinia

Kabla kiharusi hakijamwangusha, majirani wote walikuwa wakimwita Injinia, na jina hilo lilikuwa nusu sifa, nusu utani. Shuleni hakukaa sana, lakini redio iliyonyamaza, baiskeli iliyokataa kwenda, pampu iliyogoma, vyote viliishia uani kwake na kutoka vikiwa vimeshikiliwa na waya. Wapo waliosema kwamba kitu akikitengeneza Injinia hakiharibiki tena. Wengine walisema hakiharibiki kwa sababu hakuna anayethubutu kukigusa. Yeye alicheka na wote.

Kiharusi kilipomjia kilimlegeza upande mzima wa kulia, ila sauti hakikumnyang'anya. Kilimvurugia maneno tu. Akitaka maji aliomba viatu. Jua likimchoma alilalamika kuhusu harusi. Alimwita mkewe "dirisha", na mkewe, ambaye tangu usichana wake hakuwahi kukosa la kujibu, alikuwa akiitika, "Abee, dirisha limefika."

Daktari alimwambia mkewe kwamba maneno huenda yakarudi na huenda yasirudi. Mama yule alichukua ile nusu ya kwanza, akaenda nayo nyumbani. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aliambiwa vilevile: "Mdomo ndio unaoumwa. Kichwani yumo mzimamzima. Mtazameni macho."

Basi mvua zikaanza kunukia. Shamba lao lilikuwa nyuma ya nyumba, refu na jembamba, lenye mteremko na visiki. Mwenye trekta alilitazama akiwa juu ya kiti chake, hata hakushuka.

"Mama, hili trekta nitaligeuzia wapi? Jikoni kwako?"

Akaenda zake kwenye mashamba mapana. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakubwa na walishatawanyika, kila mmoja na shida zake. Aliyebaki karibu alikuwa mdogo wake Injinia, na siku hiyohiyo alipita kusalimia, akaegemea ukuta wa ghala. Pale ndipo plau lilipokuwa limelala tangu msimu uliopita, lile la kukokotwa na maksai.

"Shemeji, nisikilize bila kukasirika," alisema. "Shamba mpe jirani wa upande wa juu alime, yeye ana nafasi ya trekta. Na hili dude waite watu wa vyuma chakavu."

"Kaka yako angekubali?"

"Kaka yangu anaita mlango kofia, shemeji. Tumuulize nini?"

Mama hakuwa na hasira naye. Alijua anasema kwa uchungu. Lakini shemeji yake alipoondoka, alilishika plau mishikio, akaliburuta kutoka nyuma ya ghala mpaka uani, akalisimamisha mbele ya kiti cha mumewe.

Lilikuwa limechoka, plau lile. Ulimi wake, yaani chuma chenye ncha kinachotangulia kuingia ardhini, ulikuwa umelika hadi kubaki butu kama kidole cha gumba. Mshikio mmoja ulikuwa umepasuka. Gurudumu la mbele lilichezacheza kama jino bovu, na nati zote zilikuwa zimevimba kutu hata hazikuonekana kona zake.

"Haya, Injinia," alisema huku akijifuta jasho. "Kazi imeingia. Wewe kichwa, mimi mikono."

Mumewe alilitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaupitisha juu ya mhimili, kile chuma kirefu cha kukokotea, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa shingoni. Uso wake ukabadilika.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi?"

"Chumvi, chumvi!" Na kidole chake kilielekea kwenye kopo la oili chafu nyuma ya mlango.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alizimwagia nati oili, akaziacha zilale nayo. Kesho yake akaleta spana, akasukuma kwa mikono, kisha kwa mguu, kisha kwa matusi. Hazikutikisika. Injinia akasonya kwa kero, akaonyesha jiko la mkaa. "Ukuta! Lete ukuta!" Akaletewa ukuta. Mama alitia kipande cha nondo motoni, kikawa chekundu, akakibana kwenye nati kwa koleo mpaka ikafuka moshi, akagonga kwa nyundo pale mume alipoelekeza, akaweka spana tena. Nati ikalia kama mlango wa zamani, ikazunguka.

Mama alipiga ukelele uliowatoa kuku chini ya ghala. Injinia alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki kucheka.

Hizo zilikuwa siku nzuri. Mama alifanya kazi asubuhi na jioni, viganja vikamtoka malengelenge, lakini moyoni alikuwa mwepesi kama binti. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa walikuwa na jambo la kugombania. Alimpigia binti yake simu, akamwambia, "Baba yako yumo. Nilisema yumo." Aling'oa mshikio uliopasuka, akachonga mwingine. Gurudumu akalikazia kwa ringi alizokata kwenye kandambili kuukuu. Ulimi na kile kipande cha katikati kinachobeba ulimi na bapa la kupindulia udongo, hivyo akavitia kwenye gunia, akavibeba kichwani mpaka kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi aliinua miwani yake myeusi, akakigonga kila chuma kwa funguo na kusikiliza mlio wake.

"Ulimi si tatizo, mama. Nina kipande cha springi ya lori, nitakichomelea hapa mbele, utapata ncha mpya. Tatizo ni hiki cha katikati. Ufa huu unauona? Na hiki ni chuma cha kumimina. Nikikipiga moto kitapasuka mbele ya macho yako."

"Kingine kinapatikana?"

"Plau la aina hii? Mama, hata mimi nilidhani yameisha duniani."

"Kitavumilia msimu huu tu?"

Fundi alikuna ndevu. "Kwenye udongo laini, pengine. Kikikutana na jiwe, usije kunitafuta." Akalibana lile eneo lenye ufa kwa bamba la chuma na bolti. "Hiyo ni bandeji. Usiseme nimekupa dawa."

Aliporudi nyumbani alikuta mumewe ameshasogeza kiti karibu na plau na kuzipanga nati kwenye sahani, kubwa huku, ndogo kule. Mama alifurahi kuiona ile sahani. Wakaanza kuunga. Kipande cha katikati kikakaa, bapa likakaa. Mama akauinua ulimi na ncha yake mpya, akauelekeza mbele.

"Hapana," alisema Injinia. Neno hilo lilitoka safi kabisa.

"Hapana nini?"

Aliunyakua ulimi kwa mkono wake mzima, akaugeuza, akaubandika mwenyewe mahali pake. Ncha ilitazama nyuma, kwenye mishikio, miguuni mwa mtu atakayelima. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama alicheka. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha. Aliwahi kumrudishia mteja baiskeli yenye usukani uliogeuzwa ili tu amwone uso. "Wewe nawe," alisema, akaugeuza ulimi tena.

"Kitanda!" Injinia alifoka. "Kitanda! Kitanda!" Akauvuta, akaurudisha nyumanyuma.

"Baba watoto, tazama vizuri. Maksai wako huku. Udongo uko huku. Sasa hii ncha itachimba nini?"

Alimwonyesha kwa kidole, polepole, jinsi plau linavyokwenda. Injinia alikifuata kidole kwa macho mpaka mwisho. Kisha akaishika spana na kuipiga chini, machozi yakamtoka, na akaunyooshea kidole ulimi kama mtu anayeonewa mbele ya watu.

Mama alimtazama usoni akitafuta utani. Haukuwapo. Alitafuta ukaidi, maana mumewe alikuwa mkaidi pia, nao haukuwapo. Alichokiona ni mtu mwenye hakika, na hakika yake ilikuwa tupu. Siku zote alikuwa akiamini kwamba ni maneno tu yaliyopotea njia, kwamba huko ndani fundi ameketi kwenye benchi lake, anangoja kufunguliwa mlango. Sasa aliona kwamba hata benchi limehamishwa.

Akaufunga ulimi vile alivyotaka mumewe, ncha ikitazama nyuma, akakaza nati moja baada ya nyingine.

"Hapo sawa?"

Injinia alimpigapiga begani kwa mkono wa kushoto, namna alivyokuwa akiwapigapiga wenye redio zao. Mama akaingia jikoni, akachutama, akapuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Kesho yake, mumewe alipolala baada ya chakula cha mchana, aliliburuta plau nyuma ya ghala, akafungua na kuufunga ulimi upya, ncha mbele. Alifanya haraka huku akigeuka kutazama, kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Manyunyu ya kwanza yaliponyesha, jirani mmoja mwenye maksai alikubali kuja nao. Alimkokota Injinia na kiti chake mpaka ukuta wa nyuma wa nyumba, mahali pa kulionea shamba lote, halafu akashika kamba mbele ya wanyama. Mama akashika mishikio.

Ulimi ukaingia. Mama aliusikia mikononi, uzito ule wa ardhi inayokubali, na udongo ukapinduka na kulala ubavu, mweusi, unang'aa. Wakafika mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi. Matuta yalikuwa yamepinda kidogo, maana mama hakuwa mzoefu wa kushika, lakini yalikuwa matuta.

"Injinia hajafa!" jirani alipiga kelele.

Waligeuka tena, wakaingia upande wa visiki. Ndipo sauti ikatoka ukutani.

"Nguo! Nguo!"

Injinia alikuwa amesimama, kitu ambacho hakuwa amekifanya peke yake tangu augue, ameegemea ukuta na anapunga mkono wake mmoja juu.

"Anasikia baridi?" jirani aliuliza.

"Anatushangilia," mama alijibu, huku akitabasamu. "Twende."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya sahani inayoangukia sakafuni. Maksai walichomoka na mhimili, mama akavutwa na kupiga magoti, na nyuma yake ulimi na bapa vikabaki vimezama ardhini. Kile kipande cha katikati kilikuwa kimegawanyika, bamba la fundi likining'inia upande mmoja. Jirani alifukua kwa mikono. Chini kulikuwa na mgongo wa jiwe, mpana, laini, ambao bila shaka ulikuwa hapo kabla yao wote.

Na mama akakumbuka. Miaka yote, mumewe akilima naye akimfuata nyuma kupanda mbegu, mahali hapahapa alikuwa akiliinua plau kidogo, hatua chache, halafu akilishusha. Alikuwa akimwona kila msimu. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Aliacha kila kitu, akakimbia mpaka ukutani, matope mpaka magotini, akamshika mumewe mabega.

"Jiwe! Ulikuwa unaniambia jiwe? Ulikumbuka? Nipe jibu hata kwa kichwa. Ndiyo au hapana?"

Injinia alimtazama yeye, akamtazama jirani aliyekuwa akija na vipande mkononi, akatengeneza kola ya shati lake.

"Karibuni," alisema kwa adabu, kama anayepokea wageni. "Karibuni ndani."

Kutojua ndiko kulikomtafuna mama kuliko hasara yenyewe. Kama alikumbuka jiwe, basi yumo humo bado, amefungiwa, na mkewe alimdharau akapita. Na kama hakukumbuka, basi ulikuwa mkono tu unaopungwa na mdomo tu unaopiga kelele. Usiku alichagua hili, asubuhi akachagua lile. Hakuna hata moja lililompa usingizi.

Fundi alivikataa vile vipande hata kabla mama hajavitoa kwenye gunia. Shemeji yake alikuja, akakaa uani bila kusema "nilikwambia", na kwa hilo mama alimshukuru. Shamba likaenda kwa jirani wa upande wa juu. Aliusawazisha mpaka, mashamba yakawa moja, na trekta likapata pa kugeukia. Mama alichukua jembe la mkono, akaanza kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mkokoteni wake. Alipouinua mhimili, Injinia aliushika mshikio, hakuuachia. Hakupiga kelele. Alishika tu, na mnunuzi akavuta, naye akashika.

"Mama, tunafanyaje?" mnunuzi aliuliza.

"Nenda, baba. Samahani kwa kukusumbua."

Siku hizi, kabla ya kutoka, mama humwekea mumewe vyuma mbele ya kiti, spana mkononi, sahani ya nati pembeni. Injinia hushinda akifungua. Anachofungua haunganishi tena, au akiunganisha, anaunganisha vitu visivyohusiana. Jioni mama akirudi hukaa chini na kukaza nati zote, ili kesho pawe na cha kufunguliwa.

Zipo jioni ambazo mikono inakuwa imekufa ganzi kwa jembe, anaingia ndani na kulala bila kugusa kitu. Basi asubuhi inayofuata Injinia huiweka spana kwenye nati ambayo tayari imelegea. Inazunguka, inaanguka, inabingirika chini ya kiti. Huinama, akaipapasa mchangani kwa mkono wa kushoto na kuita, akitumia neno lolote linalomjia. Mkewe wakati huo yuko shambani kwa watu, mbali, hamsikii.