Sukari ya Lorraine

Kwa miaka minne Lorraine, mke wa mjomba, alimsihi Bibi ampe heshima ya kupika mjazo, yaani mkate uliovunjwavunjwa wa kujaziwa tumboni mwa bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Mwaka huu akapewa. Akaoka mkate wa mahindi wenye sukari vikombe viwili, akauvunjavunja na kuuchanganya na vitunguu. Hapa Alabama hata mbwa wetu anajua kwamba mkate huo hautiwi sukari.

Bibi alionja kijiko kimoja. Sote tuliinamisha vichwa kama wafiwa.

"Vipi, Mama?"

"Keki nzuri, mwanangu. Tutaila na kahawa."

"Lakini ni mjazo, Mama!"

"Basi maskini bata mzinga. Mwakani utaleta barafu."

Katika ukoo wetu, barafu huletwa na asiyeaminiwa hata kuchemsha maji.