Kontena Kutoka Gulu

Shamim hakuwa na mume, hakuwa na gari, hakuwa na dirisha upande wake wa ofisi, wala hakuwa na mtu wa kumweleza yaliyomkaa moyoni. Subira alikuwa nayo, kwa kuwa alilelewa na bibi. Lakini mwaka huu alikuwa mbioni kupungukiwa na kitu ambacho hakuwahi kujua thamani yake: kisingizio.

Kisingizio chenyewe kilikuwa kompyuta. Kampuni yao pale Nakawa ilitengeneza programu za zahanati, zile zinazomtumia mama mjamzito ujumbe wa simu kumkumbusha siku ya kliniki. Timu moja ilikaa Nakawa chini ya Shamim, nyingine ilikaa Gulu chini ya Komakech. Na kila mwezi kisa kilikuwa kile kile. Programu iliyofanya kazi vizuri Gulu ikifika Nakawa inagoma.

"Kwangu inafanya kazi," Komakech husema kwenye simu.

"Basi njoo na hiyo kwako tuione," Shamim humjibu.

Naye huja. Hushuka kwenye basi na mkoba mmoja, nao huketi bega kwa bega wakitafuta kipande gani kimekosekana kwenye mashine ya Nakawa, au kipo lakini ni cha zamani. Komakech alikuwa mtoto wa polisi, amekulia kambini Nsambya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi hasa. Shamim alimwita Afande kwa kumtania, naye Shamim akaitwa Mkubwa. Shamim Mwislamu, Komakech Mkatoliki. Hawakulizungumza hilo, maana hapakuwa na neno lililowalazimu kulizungumza.

Kabla ya kurudi Gulu, Komakech alipita nyumbani kwa kina Shamim, Mengo, kumsalimu Habuba Zuleika, bibi yake Shamim. Habuba alimjazia bakuli chakula, akalifunika kwa kawa la rangi alilolisuka mwenyewe, akampa aende nalo. Kwa Wanubi, watu wa kina Shamim, chombo cha watu hakirudi kitupu. Kwa hiyo mwezi uliofuata bakuli lilirudi na odii, ule mchanganyiko wa ufuta na karanga zilizosagwa wanaoupenda Waacholi, watu wa Komakech. Bakuli likaenda, likarudi, likaenda.

Ndipo mkurugenzi wao, Bwana Ephraïm, Mkongo mpole asiyependa mambo ya kubabaisha, aliposikia habari za jukwaa la makontena. Programu unaifungasha pamoja na kila inachohitaji, unaifunga, unaituma. Anayeipokea anaifungua kwenye mashine yoyote, nayo inafanya kazi vile vile ilivyofanya ilikotoka.

"Wewe ndiye utakayelipima," alimwambia Shamim. "Ukisema ndiyo, timu zote zinahamia huko. Ukisema hapana, tunaachana nalo. Na mwenzetu wa Gulu atapumzika na mabasi, au siyo?"

Aliyasema hayo kama mtu anayeleta zawadi.

Siku ya jaribio Komakech alituma kontena. Shamim alilifungua kwenye laptopu yake, kisha kwenye kompyuta kuukuu ya wahasibu, kisha kwenye seva. Kote likakubali, bila kugoma hata kidogo. Bwana Ephraïm akapiga makofi, akaenda zake kunywa chai. Shamim akapiga simu Gulu.

"Limekubali, Afande."

"Limekubali? Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi."

"Basi ni vizuri, Mkubwa."

"Ni vizuri."

"Vizuri sana."

Hakuna aliyekata simu. Shamim alisikia sauti za watu wa Gulu wakicheka nyuma ya Komakech, na Lamunu, mtengenezaji programu wa timu ile, akimbembeleza mwanawe. Mwezi ambao Komakech aliugua, ni Lamunu aliyekuja Nakawa, mtoto huyo mgongoni, na njia nzima mtoto alitapika.

Baadaye, akiwa anapitia matokeo peke yake, Shamim akaliona kosa. Ujumbe uliopangwa saa tatu asubuhi ulikuwa utoke saa sita mchana. Ndani ya kontena saa ilifuata majira ya Greenwich, nyuma ya Kampala kwa saa tatu, na hakuna aliyeligundua hilo. Mama angepata ujumbe wakati foleni ya kliniki imekwisha.

Akaandika kwenye ripoti: *Jukwaa hili linavuruga saa, inafaa timu ziendelee kukutana ana kwa ana.* Nusu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Bwana Ephraïm angeisoma, angeogopa, mambo yangebaki kama yalivyo. Lakini alijua dawa yake ni mstari mmoja tu, wa kuliambia kontena kwamba liko Kampala. Akafunga laptopu bila kutuma chochote, akaenda nyumbani.

Habuba alikuwa barazani, anasuka.

"Kwa hiyo huyo Mwacholi wako haji tena?" aliuliza alipokwisha kusikia.

"Si wangu, Habuba."

"Nani kasema ni wangu mimi? Mimi naililia odii yangu." Akavuta ukindu, akaukaza. "Tena bakuli liko hapa. Lijaze, litume na basi. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukaa na chombo cha watu. Atalileta."

Shamim akacheka. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Miaka yote hii amekuja kwa ajili ya kompyuta. Sasa aje kwa ajili ya bakuli?"

"Ulitaka aje kwa ajili gani?"

Shamim akainama kuokota vipande vya ukindu. Habuba akamtazama, akarudi kwenye ukindu wake. "Haya," alisema. "Basi usiniambie mimi."

Asubuhi Shamim aliifuta ile sentensi. Aliuandika ule mstari mmoja, akajaribu tena, na ujumbe wa saa tatu ukatoka saa tatu. Kwenye ripoti akaandika *Ndiyo*, akaeleza kosa la saa na namna ya kulizuia, akaituma kwa Bwana Ephraïm. Halafu akavuta karatasi. Simu hakuitaka, kwenye simu walikuwa wamezoea kuzungumzia mashine tu.

*Afande,*

*Kontena limepita. Nimeandika ndiyo, kwa hiyo kazi haina tena haja ya kukuleta Kampala. Bakuli liko kwetu, huna chombo cha mtu. Nimetafuta sababu nyingine ya kukuita, sikuipata. Ukija, uje bure. Mimi ningependa uje.*

*Shamim*

Saa ya chakula cha mchana alichukua boda hadi karibu na Nakivubo, kwenye mabasi ya kaskazini. Mpokea vifurushi alimtazama Shamim mikononi, akatazama nyuma yake.

"Mzigo uko wapi, dada?"

"Hakuna mzigo. Barua tu."

"Barua tu, mpaka Gulu?"

"Barua tu."

Shamim akaisoma mara ya mwisho, akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba toka pembe hii hadi pembe ile, akampa.