Doa Kwenye Kamera ya Kinyozi

Baba alipoketi kwenye kiti cha sebuleni na kusema, "Leo naingia mimi," mama aliacha kukunja nguo akamtazama. Maisha yake yote baba alikuwa upande wa pili wa kamera. Sisi tumo kwenye picha tangu tukiwa na mapengo mbele: mimi na sare ya shule, mdogo wangu na suruali ya kurithi, mama na mikoba yake ya kila namna. Baba hayumo. Ukimwambia aje naye tumwombe jirani apige, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nyie simameni. Mimi nitaingia baadaye."

Sasa baadaye ilikuwa imefika. Daktari alishamrudisha nyumbani, akatuambia tumpe chochote anachopenda kula, na mtu mzima hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Baba aliyaelewa kabla yetu. Alivaa shati jeupe, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akaninyooshea kamera yake ndogo, ile inayotoa pua ukiiwasha na kuimeza ukiizima.

"Usinikate kichwa," akaniambia. "Nimevikata vya watu vya kutosha."

Nikapiga. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma na kuona doa jeusi limekaa juu ya jicho lake la kushoto.

"Toa kidole, dada," akasema mdogo wangu. Huyu tunamwita Meneja kwa sababu hajawahi kusimamia kitu kikasimama, hata kamba za viatu vyake.

"Kidole changu hiki hapa. Huoni?"

Nikafuta lenzi kwa pindo la gauni, nikapiga tena. Doa lile lile. Nikamwomba baba asogee kidogo, doa likahamia shavuni. Nikaona ujanja ni kumweka pembeni ya picha ili doa liangukie ukutani, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Mimi si kabati, niwekwe pembeni," baba akasema. Akaichukua kamera, akazitazama picha moja moja, na kidole gumba chake, ambacho kilikuwa kimeanza kusahau mambo mengine yote, kikakijua vizuri kitufe cha kufutia. Akazifuta zote. "Huyu siye mimi. Itengenezeni kwanza, ndipo mnipige."

Nilimwona msumbufu. Nilikuwa na nguo za wateja zinanisubiri kwenye cherehani, na mgonjwa ananiletea habari za katikati na pembeni.

Simu tunazo, ndiyo. Lakini baba ukimwelekezea simu aliinua kiganja mbele ya uso. Alisema simu ni ya kumpigia mtu, si ya kumvizia. Simu yangu imejaa viganja vya baba, na nikitaka naweza kukuchorea mistari yake yote bila kutazama.

Doa lenyewe lilikuwa vumbi, na vumbi hilo halikuwa na siri. Baba alikuwa kinyozi, na kwenye kibanda chake alikuwa na utaratibu wake. Kila mteja akimaliza kunyolewa alipigwa picha ya mbele na ya nyuma, ili siku akirudi na kusema "nataka kama ile ya siku ile," baba afungue kamera amwonyeshe ile ya siku ile. Kwa hiyo kamera iliishi kwenye rafu chini ya kioo, kati ya kopo la poda na mashine ya kunyolea. Na kila jioni kabla ya kufunga aliisafisha kwa mapenzi makubwa, akipitisha brashi kwenye kila mkunjo wa ile pua. Brashi yenyewe ni ile ya kufutia wateja shingo.

Nilipomweleza alinitazama kama nimemtukana. "Brashi ile ni safi. Imefuta shingo za watu wazima na hakuna aliyelalamika."

Meneja ndiye aliyeanza uganga. Alisema vumbi dawa yake upepo, akaja na pampu ya baiskeli, akaielekeza kwenye lenzi na kupampu kama anajaza tairi. Tulipojaribu kupiga ukuta, doa moja lilikuwa limezaa, yakawa matatu, na moja lina mkia. Nilitamani kumchapa nayo ile pampu.

Mama akakumbuka shoga yake anayefanya usafi maofisini, akaenda kuazima mashine ya kufyonza vumbi. Tukaushika mdomo wa bomba kwenye lenzi, tukauzungushia kitambaa, huku Meneja akiiwasha na kuizima kamera ili pua itoke na kuingia. Mashine ilinguruma nyumba nzima. Baba aliziba masikio akacheka mpaka akakohoa, na mama akacheka kwa sababu yeye amecheka. Yale madoa madogo yakatoka. Lile kubwa likashuka tu, kutoka jichoni mpaka juu ya mdomo.

"Sasa nimeota sharubu," baba akasema, akaifuta na picha hiyo.

Basi nikaenda kwa fundi kamera. Dirisha lake limejaa saa zilizosimama, kila moja na wakati wake. Akamulika ndani ya lenzi kwa tochi, akageuza huku na huku, akajikuna shingo.

"Liko ndani kabisa, dada. Limepita vioo vyote, limekaa juu ya kile cha mwisho kinachopokea picha. Hapo upepo haufiki."

"Si uifungue?"

"Kufungua nafungua. Lakini hizi ndogo hazikuundwa zifunguliwe. Hiyo lenzi ikirudi imepinda unywele mmoja, inagoma. Nikikuahidi itapona nitakuwa nakudanganya."

Maneno hayo mimi mwenyewe huwaambia wanaoniletea hariri nifumue. Nilikuwa sijui yanavyouma ukiwa upande wa pili wa meza. Nikarudi nyumbani kumuuliza mwenye mali.

"Aifungue," baba akasema. "Nitasubiri."

Alisema kwa utulivu, kama mtu mwenye muda wa kuchezea.

Fundi akaifungua. Doa akaliondoa, hilo halikumsumbua, lakini utepe mwembamba wa ndani ukakatika, na ikabidi atafute mwingine kwenye kamera iliyokufa. Nikawa nikipita kwake kila nitokapo sokoni kununua nyuzi. Kamera ya baba ilikuwa kwenye sinia, vipande vipande, skrubu zake kama makombo ya mkate. Nikimuuliza lini, anasema utepe haujapatikana. Nikimkazia macho, anasema tena vile vile, na kusema kweli alikuwa hana kosa.

Nyumbani, kila asubuhi baba alitaka kunyolewa, kwa kuwa kamera huenda ikarudi leo. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hivyo wembe akanipa mimi. Sijawahi kuogopa kitu kama siku ile ya kwanza. Akanielekeza kwa subira, yeye ambaye kibandani alikuwa mkali kama pilipili.

"Vuta ngozi kwanza. Fuata ndevu zinakoelekea, usishindane nazo. Na wembe mpya ujaribu kwanza."

"Nijaribu wapi?"

Akanipa mkono wake. Hiyo ilikuwa desturi yake ya miaka yote. Wembe mpya, au mashine iliyotoka kwa fundi, haikugusa kichwa cha mteja kabla haijapita juu ya mkono wake mwenyewe. Nywele za mkono ule wa kushoto hazikuwahi kuota zikatulia.

Shati jeupe nililipiga pasi kila siku, na kola yake ikazidi kuwa pana. Uso nao ukazidi kupungua chini ya wembe. Nilikuwa namtengeneza baba kwa ajili ya picha ambayo kamera yake imelala kwenye sinia, na sikuwa na la kufanya. Siwezi kumharakisha fundi, siwezi kuichelewesha ile safari nyingine ya baba. Nikimaliza kumnyoa nilikuwa naenda uani kumwaga maji, nalia huko, kisha narudi na taulo.

Hatimaye fundi akapiga simu. Imekubali, akasema, ila nisiichezee, nisiiwashe na kuizima ovyo. Sikuaga wateja. Niliikimbiza kamera nyumbani nimeikumbatia kifuani.

Baba alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, amenyolewa, shati limefungwa mpaka shingoni. Nikaiwasha. Pua ikatoka vizuri, bila kelele. Nikamwelekezea, nikaona uso wake wote kwenye kioo, msafi, macho yote mawili.

Akanyoosha mkono. "Lete hapa."

"Baba, tulia nikupige."

"Imetoka kwa fundi. Haijajaribiwa."

"Nitajaribu kwako."

"Haijaribiwi kwa mteja," akasema. "Simameni pale ukutani. Mama yenu katikati."

Mama akajaribu. "Baba Meneja, jamani. Si mtoto akupige wewe kwanza, halafu ndiyo utupige sisi mpaka uchoke?"

"Nyie simameni. Mimi nitaingia baadaye."

Utamfanya nini? Ningeweza kumnyang'anya, mwili wake mzima haukuwa na nguvu ya kunizuia, na ndiyo maana sikuweza. Tukasimama ukutani. Akaiweka kamera juu ya goti ili isitetemeke, akatutazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akamwambia Meneja achomekee shati. Meneja hakuchomekea. Baba akapiga.

Akatuita tuone. "Tazameni. Safi." Alifurahi kama kinyozi aliyemaliza kichwa kigumu. "Haya. Zamu yangu."

Nikaipokea, nikarudi hatua, nikaiinua. Ndani ya kamera kitu kikalia krr, krr, pua ikarudi nusu ikakwama, kioo kikawa cheusi. Nikaizima. Nikaiwasha. Krr. Meneja akaipokea, akaipuliza, akaigonga kwenye kiganja.

"Msiipige," baba akasema. "Imechoka."

Nikatoa simu. "Baba, nakuomba. Mara moja tu."

Aliitazama ile simu, akanitazama mimi, na nikadhani amekubali. Kisha kiganja kikainuka polepole, kikasimama mbele ya uso. "Mrudishie fundi," akasema nyuma ya kiganja. "Nitasubiri."

Hakuweza kusubiri. Kamera ilikuwa bado kwa fundi tulipomzika.

Picha ile tumeisafisha na kuitundika sebuleni. Meneja shati nje, mama amekunja uso, mimi mkono umeshaanza kunyooka kuifuata kamera, na sote watatu tunamtazama yeye. Wageni wanasifu ilivyotoka. Fundi nilimpelekea kadi ya kamera atafute picha zile zilizofutwa. Alikaa nayo wiki nzima, akanirudishia akiwa ameinamisha kichwa.

Hakuna doa kwenye picha hii. Nimeitazama kwa karibu, kona kwa kona, na hakuna. Angetokea mtu wa kuichukua, ningempa pamoja na fremu yake, anirudishie ile mbaya ya kwanza: baba kitini, vifungo mpaka shingoni, jicho la kulia linaonekana vizuri kabisa.