Kapu la Makoki

Kwenye mteremko ule wa Mlima Masaba, kila mtu alijua jirani yake kala nini jana. Wala si umbeya, ni shimo la mboji. Kila asubuhi kila nyumba ilileta kapu la taka za jikoni: maganda ya matoke, majani ya maboga, vipande vigumu vya malewa, yale machipukizi ya mianzi, vilivyoshinda meno. Msimu wa kahawa ukifika, yaliongezwa maganda mekundu ya kahawa iliyomenywa nyumbani. Kapu lilimwagwa mbele ya watu, na aliyeleta maganda ya viazi wiki nzima alitaniwa wiki nzima.

Shimo hilo ndilo lililowapa bei ya maana. Mnunuzi wao alitaka kahawa isiyoonja mbolea ya dukani, na aliitaka yote ya kikundi chao cha wakulima kwa pamoja. Kwa hiyo ilikuwa marufuku kumuuzia mlanguzi hata debe moja. Mlanguzi hununua kahawa mbichi, anaondoka nayo na maganda yake. Ukimuuzia, kapu lako litakuumbua, maana utaleta ya matoke tu.

Mwaka huu zamu ya kuchukua mboji ilikuwa ya Wamimbi. Mvua za mwaka jana ziliporomosha udongo wa shamba lake, mizizi ya mibuni ikabaki nje kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Bila mboji ile, mibuni ilikuwa inangoja shoka tu. Alikuwa na hamu na zamu hiyo kuliko alivyokuwa na hamu na harusi yake, na mkewe alikuwa akimwambia hivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa Gidudu. Msimu uliopita alinaswa akimuuzia mlanguzi, kikundi kikataka kumfukuza. Akamfuata Wamimbi shambani, akalia machozi ya kweli kabisa. Wamimbi angefanyaje? Gidudu alikuwa makoki wake. Walisimama mbele ya kisu cha tohara siku moja, bega kwa bega, wamepakwa unga, na hakuna aliyepepesa jicho. Tangu siku hiyo hawakuitana majina. Ilikuwa makoki asubuhi, makoki jioni, mpaka kaburini. Wamimbi akasimama kikaoni akamdhamini.

"Sawa," alisema Mama Nambuya, mwenyekiti wao. "Ila akirudia, baba, zamu yako ya mboji imekwenda na maji."

Wamimbi alicheka. Makoki wake arudie?

Sasa msimu ulikuwa umekolea, na kapu la Gidudu lilikuja limejaa kila siku. Asubuhi moja, watu walipokwisha kutawanyika, Wamimbi alikuwa akisambaza taka kwa jembe alipofika kwenye rundo la Gidudu. Akainama. Maganda ya kahawa ya jana huwa mekundu, yanateleza, yananuka kama pombe iliyochacha. Haya yalikuwa meusi, yanamomonyoka, na ndani yake minyoo ilijinyonganyonga. Minyoo ile ilikaa mahali pamoja tu: chini kabisa ya shimo hilohilo. Gidudu alikuwa anachimbua maganda ya zamani alfajiri, kisha anayarudisha mbele ya watu kama yake.

Gidudu mwenyewe alikuwa bado yuko pale, anakung'uta kapu.

"Makoki, haya maganda ya lini?"

"Ya lini tena? Siku hizi umekuwa daktari wa takataka?"

"Yana minyoo, makoki."

Gidudu akaacha kukung'uta. "Basi sikiliza. Mlanguzi anatoa hela mkononi. Hawa wa kikundi wanakulipa ukishaota mvi. Fukia hayo, nenda zako kanywe chai. Mimi nimepata changu, wewe mboji yako unabeba wiki ijayo. Nani kaumia?"

"Nilikudhamini mimi!"

"We nawe! Unafikiri nilikosa ndugu wa kunidhamini? Nilikufuata wewe kwa sababu makoki hamsemi makoki wake."

Akajitwika kapu tupu, akaondoka anapiga mluzi.

Wamimbi aliumia hasa. Wizi angeumeza. Kilichomkaba ni yale machozi ya shambani. Siku ile ya kisu, iliyokuwa fahari yake yote, mwenzake aliigeuza mfuniko wa sufuria. Na ubaya ni kwamba alichoambiwa kilikuwa kweli: pigo moja la jembe, na mibuni yake ingepona. Aliinua jembe. Akalishusha pembeni, rundo likabaki wazi.

Kesho yake, watu wakiwa wamejaa na makapu yao, Gidudu alimwaga lake. Wamimbi akaweka jembe juu ya rundo hilo.

"Mama Nambuya, njoo utazame hapa."

Mama Nambuya alimwangalia Wamimbi kwanza, kisha rundo. "Baba, unajua nikitazama utapoteza nini?"

"Najua, mama."

"Makoki," Gidudu akanong'ona, akimshika mkono. "Makoki, ngoja kwanza tuongee."

Wamimbi akautoa ule mkono. 

"Gidudu," aliita kwa jina, na watu wote wakageuka. "Gidudu, waambie mwenyewe haya maganda umeyatoa wapi."