Ujumbe Uliobaki Kwenye Droo

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kutwa nzima napambana na watu wanaoandika "dhamana" wakitaka kusema "thamani", na "athari" pale panapohitaji "hadhari". Wananichosha, na hasira wanazonitia huwa nazibeba mpaka nyumbani.

Nilipopandishwa cheo, baba aliandika kwenye kundi la familia: "Mwanangu, una dhamana kubwa kwangu." Badala ya kushukuru, nikamjibu palepale: "Baba, ni thamani. Dhamana ni ya mahabusu." Shangazi akauliza nani kawekwa ndani. Watu wakavunjika mbavu, nami nikacheka nao. Tangu siku ile baba hakutuma neno, ila picha ya kidole gumba tu. Nikajiambia wazee na simu ndivyo walivyo, huku nikijua najidanganya.

Miezi minne baadaye, Jumamosi moja, nilimrudishia sketi aliyonishonea. Baba ni fundi cherehani wa miaka arobaini, lakini mshono ulikuwa umekwenda upande.

"Baba, huu mshono vipi? Umelewa?"

"Ufumue tu, mama. Wembe umo kwenye droo ya cherehani. Ngoja nikafuate uzi hapo jirani."

Wembe niliuona. Chini yake kulikuwa na vipande vya karatasi ya kukatia vielezo vya nguo, vimeandikwa kwa penseli, vyote vikianza na "Mwanangu, hujambo." Nikasoma cha juu. "Jicho la kulia limeingia giza. Daktari anataka nirudi na mtu kabla mwezi haujaisha, nikichelewa kuna…" Hapo aliandika "adhari", akakata. Akaandika "hathari", akakata. Akaandika "hadhari", nalo akalikata. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Masikio yaliniwaka moto. Miezi mitatu baba yangu alikuwa akiniita, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Akarudi na kidonge cha uzi.

"Nimepata buluu ileile ya sketi yako," akasema.

Uzi ulikuwa mweusi. Sikuthubutu kumwambia.

Alipoiona karatasi mkononi mwangu, akaichukua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hiyo bado, mama," akasema, kama vile yeye ndiye aliyenikosea. "Nilikwama kwenye neno la mwisho."