Uma kwenye Soseji

Mwaka Wajerumani walipoikalia nchi yetu, nilimficha Miriam, binti wa Kiyahudi kutoka Paris. Nilimfundisha kuitikia jina la Odile, kupiga ishara ya msalaba, hata kununa kama sisi watu wa milimani. Nikadhani nimemaliza.

Jumapili moja askari Pourchet wa kijiji cha pili aliingia jikoni bila kupiga hodi. Sufuria ilikuwa inatokota: kabichi, karoti, viazi, bega la nguruwe na soseji niliyoikausha kwa moshi mwenyewe.

"Huyu nani?" aliuliza, akimwonyesha Odile kwa kidevu.

"Mtoto wa dada yangu. Kazaliwa hapa hapa bondeni."

"Anajua kupika?"

"Kumshinda mkeo."

Alicheka, akaketi. Odile akachukua uma, akaitoboa soseji aone kama imeiva. Mafuta yakaruka. Kwetu soseji ya moshi haitobolewi, mafuta yake yasivuje; hata mtoto mdogo anajua. Sikumfundisha kwa sababu huku hakuna anayefundishwa hilo. Na kwao nguruwe hajawahi kuingia jikoni.

Pourchet aliacha kucheka. Aliutazama uma, akamtazama Odile, kisha mimi. Nilikibana kisu cha mkate.

"Nipakulie," alisema.

Alikula polepole, akaimaliza soseji yote, tundu na nyama yake. Mlangoni akavaa kofia.

"Kesho nakuja na mkubwa wangu," alisema bila kugeuka. "Naye ni mtu wa huku. Upike mwenyewe, Mathilde."