Kondoo Aliyebaki Nje ya Lango

Mama mwenzangu, ukisikia mtoto wako anacheka kwa simu na mwanamke mwingine, na huyo mwanamke hajakukosea kitu, kaa chini kwanza. Usiguse kitu chao. Mimi niligusa, ndiyo maana nakuandikia.

Naitwa Nzula. Nashona sare za shule hapa Kitengela, cherehani iko sebuleni. Niko na msichana mmoja tu, Seleyian, wa miaka kumi na tatu. Baba yake, Kasaine, tuliachana mtoto akiwa mdogo. Akaoa Soipan, na wanaishi Kajiado mjini, mahali Soipan ako na duka la dawa za mifugo. Sitadanganya, hajawahi kunitukana hata siku moja. Angenitukana ingekuwa rahisi.

Likizo ya Aprili Seleyian alienda kwa baba yake, akarudi na vitu viwili. Cha kwanza ni laptop ya zamani ya Soipan. Cha pili ni jina. Soipan alimpa kondoo jike, anayechungwa huko huko Kajiado, na kwa Wamasai mtu akikupa kondoo hamwitani tena majina yenu. Wewe unamwita Paker, na yeye anakuita Paker, mpaka mmoja azikwe. Mimi nilikaa na uchungu wa kumzaa masaa kumi na tisa, na sina jina kama hilo.

Ndani ya laptop kulikuwa na mchezo. Ni kisiwa hakina watu. Unatembea tu, unatafuta njia ya kufika juu ya mlima kuwasha taa iliyozimika, na kuna kondoo mmoja anakuonyesha njia. Soipan aliucheza akiwa sekondari, kwa chumba cha kompyuta, na hakufika. Sasa wenye mchezo wameutengeneza upya. Kisiwa ni kile kile, lakini nyasi zinapepea na maji yanang'aa kama ya kweli. Safari yao ilikuwa moja, imewekwa kwa mtandao. Soipan akicheza kule Kajiado, Seleyian akifungua hapa anaendelea pale pale mwenzake ameacha. Halafu wanapigiana.

"Paker, umefika kwa daraja?"

"Nimefika, Paker, lakini nimeogopa kuvuka bila wewe."

"Ngoja Jumamosi tuvuke pamoja. Na usisahau, jua likizama kondoo awe ndani ya lango. Ukimfungia nje hutamwona tena. Mimi nilimpoteza hivyo, nikalia darasa lote likanicheka."

Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, na bado nasikia yote.

Siku moja nikamuuliza, "Huo mchezo unafundisha nini?"

"Haufundishi, Mum. Unatembea tu, unaangalia."

"Hata mimi naweza kuangalia."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Wewe? Na vile ukishika simu unapiga picha ya kidole chako kila siku!"

Alikuwa ananitania tu. Lakini nilijiuliza kama Soipan huchekwa hivyo.

Jumanne moja, Seleyian akiwa shule, nilikuwa na sketi sita za kumalizia. Nikaziacha. Nikafungua laptop vile nilikuwa nimemwona akifungua, nikashika kile kidude cha kuchezea, kinachoshikwa kwa mikono miwili. Nilitaka kuona tu ni nini hiyo Soipan ako nayo mimi sina.

Aiya! Kwanza nilitazama mbingu muda mrefu, sikujua kuinamisha kichwa. Nikagonga ukuta. Nikatembea kinyumenyume mpaka kwa maji. Mguu wangu wenyewe ulikuwa chini unatafuta pedali ya cherehani. Halafu nikashika njia. Kulikuwa na upepo. Kulikuwa na ndege mmoja mbali. Nilipanda kilima kidogo nikaona bahari pande zote, na mimi bahari sijawahi kuiona. Nilifurahi, halafu furaha ikageuka nyongo, kwa sababu mtoto wangu aliiona hii yote na mtu mwingine.

Chini ya kilima kulikuwa na boma la mawe, lango liko wazi, na jua la mchezo lilikuwa linazama. Nimelelewa kati ya mbuzi. Huko kwetu jua likianza kuwa jekundu hakuna mtu anakuambia funga, mkono wenyewe unaenda, fisi hangoji. Niliingia nikaanza kuvuta lango.

Lango likiwa nusu, nikamwona. Kondoo mweupe, anakuja mbio kwa njia ile nimetoka, maana nilikuwa nimemwacha nyuma bila kujua. Juu ya kichwa chake kulikuwa na jina limeandikwa: PAKER.

Ningeweza kufungua. Mkono ulikuwa umeanza kwa mazoea, lakini ile nusu iliyobaki haikuwa mazoea. Nilikumbuka maneno ya Soipan vizuri sana, na nikafunga.

Jioni Seleyian alifungua laptop. Nilisikia kidude kikianguka. Akapiga simu, akaweka sauti juu.

"Paker, amepotea! Lango limefungwa! Ni wewe?"

"Limefungwa lini?"

"Imeandikwa leo, saa tano na dakika arobaini."

 Saa tano mtoto ako darasani, hilo Soipan alijua. Mimi nilikuwa nimeshika sindano, uzi unakataa kuingia.

"Ni mimi, Paker," Soipan akasema. "Nilifungua hapa dukani nikakosea. Nisamehe."

"Umekosea? Si wewe ndiye ulinifundisha!"

Seleyian akakata simu. Wiki hiyo akaniambia Agosti haendi Kajiado.

Basi nilipata nilichotaka. Nilipika chapati, akala moja. Nilifikiri mapenzi ya mtoto ni kama maji ya mtungi, ukimwaga yaliyo kwa mwingine yanarudi kwako. Kumbe yanaenda kwa mchanga. Alikuwa anakaa karibu na mimi jioni yote na hacheki na mtu, hata mimi hanitanii.

Baada ya wiki mbili Soipan akanipigia.

"Mama Seleyian, mwambie yule kondoo niliyempa amezaa. Simu yangu hashiki."

Nikashindwa kuvumilia. "Soipan, wewe unajua."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Akikosana na mimi, ako na kwenu pa kulala. Na akikosana na wewe, dadangu, atakimbilia wapi?"

 Nilimwonea wivu hapo kuliko siku zote, kwa sababu hilo ni neno ambalo mama ndiye angesema, na alisema yeye.

Seleyian aliporudi kutoka shule sikungoja avue viatu. "Ni mimi nilifunga lango. Soipan alinibebea lawama."

Nilingoja aulize kwa nini. Hakuuliza.

"Ulimwona kondoo?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja. Mbio."

Akachukua simu yangu akatoka nje, akasimama kwa kamba ya nguo. Nilisikia "Paker," halafu kulia. Usiku ule hakunisemesha, wala kesho yake.

Agosti alienda Kajiado. Walianza kisiwa upya, kutoka ufukweni, na wameshapita daraja. Juzi nilimwomba anionyeshe. Akafikiria, akavuta stuli.

"Kaa hapo. Lakini mikono kwa paja, Mum."

Kwa hivyo, mama mwenzangu, mimi sasa naangalia bahari mikono ikiwa kwa paja. Simu ikilia na mtoto akisema "Paker," bado kitu kinanikata hapa kifuani, sitakudanganya kwamba kimeisha. Namwangalia yule kondoo mweupe mpaka aingie, na lango anafunga Seleyian mwenyewe.